Baiskeli ya kizamani huanzia kwenye foku

Chukua baiskeli ya siku hizi, uipake rangi nyeusi, uifunge siti ya ngozi yenye springi na taa ya dainamo. Bado utakuwa na baiskeli ya siku hizi iliyovalishwa kanzu ya babu, na atakayeipanda atalijua hilo kabla hajafika mwisho wa mtaa. Zile baiskeli ndefu nyeusi tulizozizoea Afrika Mashariki, kwanza Raleigh za Nottingham, kisha Phoenix za China na Hero na Avon za India, hazikupata tabia yake kwenye rangi. Zilipata kwenye pembe za mabomba. Anayetaka kujitengenezea ya kwake kwa mkono, tangu chuma kitupu, aanzie hapo.

Tazama bomba fupi la mbele, lile linalobeba usukani. Kwenye baiskeli ya mashindano ya leo limesimama nyuzi 73 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kwenye baiskeli ya kizamani ya Kiingereza limelala nyuma zaidi, nyuzi 66 hadi 68, na bomba la siti limelala nalo. Ndiyo maana mpandaji anakaa wima kama yuko barazani, na ndiyo maana gurudumu la mbele liko mbali na la nyuma, hata mashimo ya barabara ya vumbi yakimfikia yanakuwa yamepungua makali.

Lakini ukililaza bomba la mbele bila kuigusa foku, umejitafutia balaa. Chora mstari unaofuata bomba hilo mpaka ardhini, uweke alama hapo, halafu weka ya pili pale tairi linapogusa ardhi. Tairi linagusa nyuma ya mstari. Umbali wa kati ya alama hizo mbili ndio unaoisaidia baiskeli kujinyoosha yenyewe ikiwa mwendoni. Ukiwa mdogo mno, usukani unachezacheza. Ukiwa mkubwa mno, usukani unakuwa mzito, na ukienda polepole gurudumu linataka kuangukia upande.

Tupige hesabu. Gurudumu la inchi 28 la aina ya zamani, pamoja na tairi lake, lina nusu kipenyo cha milimita 355 hivi. Bomba la mbele liwe nyuzi 68. Ukifunga foku ya kisasa, ambayo ncha zake zimesogea mbele milimita 45 tu, umbali ule unafika milimita 95, na hapo utapigana na usukani kila unapokata kona sokoni. Ipinde foku mpaka ncha zisogee mbele milimita 75, na umbali unashuka hadi 62 hivi, usiopishana sana na wa baiskeli nyingi nzuri za barabarani. Kwa hiyo ule mkunjo mrefu wa foku za zamani, ambao wengi huuona ni urembo, ni kazi ya hesabu. Mimi ningemshauri fundi anayeanza atumie muda wake mwingi hapa kuliko mahali pengine popote.

Miguu ya foku hukunjwa kwenye kalibu ya mbao ngumu, mninga au mvule, iliyochongwa kwa upinde unaoutaka. Usikate bomba kwa kipimo kwanza. Liache refu upate mkono wa kulivutia, likunje likiwa baridi, taratibu, ndipo ukate. Wako wanaojaza mchanga ili bomba lisibonyee. Ni njia nzuri, ila ukikusudia kupasha moto hakikisha mchanga umekauka kweli, maana maji yakigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa yanaweza kulipasua usoni mwako. Ukimaliza, laza miguu yote miwili mezani, mmoja juu ya mwingine, uitazame kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya mahali, mkunjo haulingani, na baiskeli itavuta upande.

Sasa mabomba ya fremu. Mafundi wengi wa jua kali hutumia bomba la maji kwa sababu lipo na ni rahisi. Linabeba, sikatai, lakini ukuta wake ni mnene na uzito wake hauna faida kwa mpandaji. Mabomba ya fremu ya Kiingereza yalikuwa na kipenyo cha inchi moja kwa bomba la juu na inchi moja na moja ya nane kwa bomba la siti na lile la kushuka, yakiwa na ukuta wa milimita moja hivi. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilichukua hataza mwaka 1897 kwa mabomba yenye ncha nene na katikati nyembamba, kwa sababu ncha ndizo zinazopata joto la kuunganishwa na mkazo mkubwa wa safari. Mwaka 1935 wakatoa chuma chao cha 531, chenye manganizi na molibdeni, ambacho wapenda baiskeli wanakitaja hadi leo.

Ukuta mwembamba kiasi hicho, welding ya vijiti vya umeme inautoboa upesi. Mafundi wa zamani waliunganisha kwa soketi: mabomba mawili au matatu yanaingia kwenye kipande cha chuma kilichotengenezwa kwa pembe maalumu, na shaba ya njano iliyoyeyuka inanyonywa kwenye upenyo uliobaki. Upenyo huo uwe mwembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwa mpana, shaba haipandi, inadondoka. Safisha vyuma mpaka ving'ae, paka unga wa kulehemu, kisha pasha kiungo kizima kwa gesi bila kuuacha moto usimame mahali pamoja. Shaba hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 900 hivi, chuma kikiwa chekundu. Iguse shaba upande mmoja wa soketi na upeleke moto upande wa pili: shaba huufuata moto. Utaiona ikitokeza kwenye ukingo wa ng'ambo, uzi mwembamba wa dhahabu unaozunguka bomba. Ukiuona umekamilika, ondoa moto hapohapo. Tamaa ya kuongeza kidogo ndiyo inayoharibu chuma.

Mambo mawili ya usalama hapa watu huyapuuza. Moshi mweupe unaotoka shaba ikichemka ni wa zinki na unaleta homa, basi fanyia kazi penye hewa. Na kila bomba litakalozibwa pande zote litobolewe tundu dogo lililojificha ndani ya kiungo. Hewa ikipata moto inatanuka, na ikikosa njia itaisukuma shaba yako nje ya soketi.

Fremu ikipoa, ipime kwa uzi. Funga uzi kwenye mdomo wa ekseli ya nyuma upande wa kulia, upitishe mbele ya bomba la usukani, urudi hadi mdomo wa kushoto, ukaze. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita moja au mbili, nyoosha kabla ya kwenda mbele. Kifaa hiki hakifiki bei ya kikombe cha chai, na sijaona cha bei kubwa kinachokishinda kwa kazi hii.

Vipi vitengenezwe kwa mkono na vipi vinunuliwe? René Herse wa Ufaransa alijitengenezea hata kranki, breki na shingo za usukani, na baiskeli zake zinatafutwa hadi leo. Lakini alikuwa na mashine na ujuzi wa kupima. Asiye navyo atengeneze keria, vishikio vya madigadi, kifuniko cha cheni na kishikio cha taa, kisha anunue habu, cheni, gololi, kranki na shingo ya usukani. Shingo ikikatika kwenye mteremko, meno ndiyo yanayolipa. Kwa keria sina la kuwafundisha mafundi wetu. Waliokuwa wakibeba abiria Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walilijua somo hilo zamani.

Kuna jambo moja ambalo nitatofautiana na wapenzi wa vya kale, nalo ni breki za fito. Zinapendeza, lakini raba yake inakamata rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa mvua breki inageuka ombi. Funga habu yenye breki ndani. Sturmey-Archer, ambao sasa wako Taiwani, wanazo, na macho hayatagundua tofauti. Habu yao ya gia tatu nayo ni ya kizamani kwa haki, kwani muundo wa AW ulitoka mwaka 1936. Gia ya chini inapunguza mwendo kwa robo, ya juu inauongeza kwa theluthi. Ukifunga meno 46 mbele na 22 nyuma, gia ya kati itakupeleka mita 4.7 hivi kwa kila mzunguko wa pedali, na ya chini mita 3.5, nafuu kubwa kwa anayepanda milima ya Lushoto.

Ukienda kununua tairi, usiridhike na neno inchi 28. Soma namba ya ubavuni. Rimu ya zamani ni 635, ile ya kisasa inayouzwa kwa jina hilohilo ni 622, na haziingiliani.

Kabla ya rangi, mimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa ndani ya mabomba, geuza fremu huku na huku, kisha yaache yachuruzike na kukauka. Anayeishi Tanga au Mombasa asiliruke hili, kwani chumvi ya pwani huanza kula chuma kwa ndani, mahali jicho halifiki. Toboa pia tundu chini ya kasha la kranki ili maji yanayoingia kwa juu yapate pa kutokea, na mpaka rangi akija, mwambie asilizibe.