Istilahi za Nikotini na Mwendo wa Panya

Mfasiri akutanapo na habari za panya waliogeuzwa jeni kisha wakapewa nikotini, aghalabu hutosheka na maneno "panya waliogeuzwa". Maneno hayo hayatoshi, kwani geuzo moja laweza kuleta matokeo yaliyo kinyume na ya geuzo jingine. Hivyo yafaa tuyachambue.

Tuanze na neno kipokezi. Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge, aliyechunguza athari za nikotini na sumu ya kurare katika misuli, alieleza kuwa seli ina kitu maalumu kipokeacho dawa. Ndiyo maana ya kipokezi: mzizi ni pokea, na ki- ni kiambishi cha chombo. Vipokezi vya nikotini ni protini zilizomo katika utando wa seli. Kazi yao ya asili ni kupokea asetilikolini. Nikotini huingia mahali pake. Baadhi yao, vifungukapo ubongoni, huzichochea seli za neva kutoa dopamini, ambayo huongoza mwendo.

Sasa tutazame mageuzo mawili. La kwanza ni kuondoa jeni. Mwaka 1998 Marina Picciotto na wenzake walieleza habari za panya wasio na sehemu ya kipokezi iitwayo beta-2: kwao nikotini haikuongeza dopamini. La pili ni kubadili jeni. Mwaka 2008 Ryan Drenan, Henry Lester na wenzao walieleza habari za panya ambao vipokezi vyao vyenye sehemu ya alfa-6 vilifanywa viitike upesi. Nikotini kidogo tu iliwazidishia mwendo, hali panya wa kawaida hupunguza mwendo wapewapo nikotini.

Basi mwalimu asomaye kwamba "panya waliogeuzwa walikimbia kwa nikotini" atadhani kuwa nikotini humwongezea kila panya mwendo, na kumbe sivyo.

Kwa hiyo twapendekeza: panya walioondolewa jeni kwa aina ya kwanza, na panya waliobadilishwa jeni kwa aina ya pili. Mnyama asemwe ana mwendo uliozidi, wala si wepesi, maana wepesi wa kuitika ni sifa ya kipokezi. Tena, kwa kuwa neno panya hujumlisha wanyama wa namna mbili watumiwao maabara, hapa sharti iandikwe panya wadogo walau mara ya kwanza. Istilahi isiyotenganisha mambo yaliyo mbalimbali humpotosha msomaji.