Je, Wajua? Neno Mimba Halimo Kwenye Kanuni

Je, wajua kwamba kanuni zilizotumika kuwafukuza shule maelfu ya wasichana wa Tanzania Bara hazitaji mimba hata mara moja? Ni Kanuni za Elimu za mwaka 2002 kuhusu kufukuza na kusimamisha wanafunzi, Tangazo la Serikali Namba 295. Zinasema mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu wa kukusudia unaoharibu jina la shule. Kwa kosa la jinai kama wizi, ukahaba, dawa za kulevya au kosa dhidi ya maadili. Na kwa kufunga ndoa. Basi. Hata hapo imeandikwa kwamba mwanafunzi "anaweza" kufukuzwa, si kwamba "lazima" afukuzwe. Kilichofanyika kwa miaka mingi ni kwamba mimba iliingizwa chini ya kosa dhidi ya maadili, mwalimu mkuu akapeleka jina kwenye bodi ya shule, na binti akarudi nyumbani na daftari zake. Msichana aliyebakwa na aliyedanganywa wote walisomewa kifungu kimoja.

Mwaka 2013 Kituo cha Haki za Uzazi, shirika lenye makao yake New York, kilitoa ripoti kuhusu Tanzania iliyokisia kwamba wasichana zaidi ya 55,000 walikuwa wameondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito katika muda wa miaka kumi. Ripoti hiyo ilieleza pia namna walivyokuwa wakigunduliwa. Wasichana walipimwa kwa lazima, wengine wakiwa bado shule ya msingi. Mahali pengine mwalimu wa kike au muuguzi aliwabonyeza tumbo mmoja mmoja. Mahali pengine ulitumika mkojo. Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba cha karatasi ambacho leo unakipata duka lolote la dawa Mbagala au Tandale: unakichovya kwenye kikopo, unasubiri dakika chache, unatazama kama umetokea mstari mmoja au miwili. Ile miwili ilitosha kumaliza masomo ya mtoto kabla mzazi hajaitwa. Kwa mvulana hakuna kijiti. Hata pale mhusika alipokuwa mwanafunzi wa darasa la jirani, ushahidi ulibaki tumboni kwa msichana peke yake.

Je, wajua pia kwamba mwezi Julai 2016 ulikuta sheria mbili zinazogongana kuhusu wasichana wa umri uleule? Katika kipindi hicho Sheria ya Elimu ilirekebishwa ikaongezewa kifungu cha 60A: anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anastahili kifungo cha miaka 30, na anayemuoa mwanafunzi naye vilevile. Wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa ingali inasema mvulana aoe akiwa na miaka 18, ila msichana anaweza kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi, na akiwa na 14 mahakama ikikubali.

Chukua wasichana wawili wa miaka 16 wanaokaa nyumba zinazotazamana kule Chamazi. Mmoja yuko kidato cha pili. Mwingine aliishia darasa la saba. Mwanamume mmoja akimpa mimba wa kwanza, anakabiliwa na miaka 30 jela. Akimuoa wa pili, baba akiridhia, sheria ya ndoa inampa cheti. Wote wawili ni watoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Hili limenisumbua kuliko mambo mengine yote katika mjadala huu. Ulinzi wa mtoto umefungwa kwenye sare. Akishaivua, hata kama ni shule yenyewe iliyomvua, ulinzi unapungua.

Aliyelipeleka jambo hili mahakamani ni mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Katikati, mwaka 2018, Gyumi alipata Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu. Amesimulia mara nyingi kwamba kilichomsukuma ni kuona wasichana aliosoma nao wakiondolewa shuleni kwa mimba na yeye bado yuko darasani. Ule mwaka mmoja ulipita, na mwingine, na mwingine. Kufikia 2024 Bunge lilikuwa halijaibadilisha sheria.

Ungesema mahakama imeshafungua njia, lakini haikuwa hivyo kwa waliokwisha kupata mimba. Tarehe 22 Juni 2017, Chalinze, Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi atakayejifungua hatarudi shule ya Serikali, na asasi zinazowatetea zikitaka zifungue shule zao. Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alizionya asasi hizo kwamba zinaweza kufutiwa usajili. Onyo hilo lilikuwa na uzito kwa watu wenye kumbukumbu. Mwaka 1997 Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, lilifutiwa usajili. Mwaka 2005 HakiElimu ilizuiwa kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule.

Je, wajua makao ya sauti nyingi za mjadala huu yalikuwa ndani ya Kinondoni ya zamani, kabla Ubungo haijakatwa kuwa manispaa yake, kama Kigamboni ilivyokatwa kutoka Temeke? TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kiko Sinza Mori. Kilianza na jarida lililoitwa Sauti ya Siti, kwa heshima ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, na ni kati ya vilivyopigania Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilijulikana kwa ofisi yake ya Kijitonyama. Na TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, iliyoanzishwa 1993, iko Mabibo, jirani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.

Pale Mabibo kuna jambo ambalo wakazi wengi wa Dar hawalijui: Semina za Jinsia na Maendeleo, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikifanyika kila Jumatano mchana, na mlango uko wazi kwa yeyote. Huhitaji barua ya mwaliko. Mama ntilie anakaa safu moja na mhadhiri, kijana wa bodaboda anashika kipaza sauti baada ya mwanasheria, na hakuna anayeulizwa kiwango cha elimu. Bajeti ya Serikali inachambuliwa ukurasa kwa ukurasa: maji, zahanati, vyoo vya shule. Taulo za kike zimejadiliwa sana na watetezi hawa. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Msichana hakuona nafuu ilipoondoka, akalipa iliporudi.

Ukitaka kujua mimba za wanafunzi zinaanzia wapi, pengine usianzie darasani. Anzia kituoni. Simama Mbagala Rangi Tatu alfajiri, au Bunju, au Goba, utazame daladala zinavyopakia. Nauli ya mwanafunzi ni sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima, na konda anajua hesabu hiyo. Mlango unafunguka, watu wazima wanapanda, kisha mkono wa konda unawazuia watoto: wawili tu, wengine ngojeni. Wanaobaki wanachelewa namba, na kuchelewa namba kuna viboko. Ndipo anapotokea mwenye pikipiki kutoa lifti, kesho lifti na chipsi, keshokutwa anadai malipo. Human Rights Watch, katika ripoti yao ya 2017 kuhusu elimu ya sekondari Tanzania, waliandika habari za madereva wanaowafuata wasichana njiani kwa namna hiyohiyo. Kwa takwimu za afya za kitaifa, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kupata mimba walikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16, wakawa asilimia 22 mwaka 2022. Idadi imepungua, lakini katika kila wasichana watano bado kuna mmoja na zaidi.

Wengine walikuwa wameshatangulia kuwafungulia mlango wasichana hao. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha wasichana shuleni tangu 1994. Zanzibar nayo ilianza kuwarudisha kabla ya Bara, na huko ndiko ambako sheria ya 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa kufungwa jela kwa kushika mimba, hadi ilipobadilishwa 2005. Sierra Leone iliondoa katazo lake Machi 2020, miezi michache baada ya mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi kuamua dhidi yake.

Kwetu fedha ziliingia kwenye ugomvi. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliuweka kando mkopo wa elimu, na suala la wasichana wajawazito lilikuwa miongoni mwa sababu. Tarehe 31 Machi 2020 ikaidhinisha dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari, baada ya mabishano makali ndani na nje ya nchi. LHRC na Kituo cha Haki za Uzazi walikuwa wameshapeleka malalamiko, 2019, kwenye Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Uamuzi uliotolewa 2022 ulikubaliana nao, ikiwa ni pamoja na kutaka upimaji wa lazima ukome.

Kufikia hapo mlango ulikuwa umefunguliwa kwa njia nyingine. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliojifungua, wataruhusiwa kurudi. Ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Nilifurahi siku ile, na bado nafurahi. Ila waraka ni maelekezo ya wizara: hauhitaji kura ya Bunge kuutoa, wala hauhitaji kura ya Bunge kuufuta. Watetezi wanaodai jambo hili liingie kwenye sheria yenyewe wana haki, na ningekuwa mbunge wa Temeke ningeanza na hilo.

Kuna kipengele kingine ambacho wazazi wengi hawakukisikia. Aliyeacha shule anatakiwa arudi ndani ya miaka miwili. Sasa piga hesabu ya binti aliyeondolewa wiki ileile ya Chalinze, mwishoni mwa Juni 2017. Miaka yake miwili iliisha Juni 2019, na waraka ulikuja 2021. Waliofukuzwa katika miaka ya mwanzo ya katazo la Chalinze ndio waliokosa nafasi ya kurudi kwenye madarasa yao.

Kwao imebaki njia ya vyuo vya maendeleo ya wananchi. Je, wajua viko 54 nchini, na kimojawapo kiko katikati ya Dar es Salaam, pale Mnazi Mmoja? Ni Arnautoglu, jengo lililopewa jina la mfanyabiashara Mgiriki, ambalo ndani ya ukumbi wake Julius Nyerere alichaguliwa rais wa chama cha TAA tarehe 17 Aprili 1953. Vyuo hivi vinaendesha mpango wa Elimu Haina Mwisho pamoja na asasi ya Karibu Tanzania: masomo ya sekondari yaliyofupishwa, ufundi pembeni, na katika vyuo vya mpango huo kuna sehemu ya malezi ambako mwanachuo anamwacha mtoto wake wakati wa vipindi. Mzazi wa Mbagala, Manzese au Tandika mwenye binti aliyekaa nyumbani tangu miaka ile, apande naye daladala hadi Mnazi Mmoja akaulize wanaanza lini kuandikisha.