Kikwapa cha Kanzu

Asubuhi ya Idi ya mwaka juzi, katika takbira ya tatu ya rakaa ya kwanza, nilipoinua mikono pamoja na umma uliojaa kiwanjani, kanzu yangu mpya, niliyoinunua imeshonwa tayari katika duka moja nisilopenda kulitaja, ilipasuka chini ya kwapa la kuume kwa urefu wa shibiri nzima. Nikasali vivyo hivyo, ubavu wazi. Niliporejea nyumbani nikaivua, nikaipindua na kuichunguza, nikaona kuwa mkono ulikuwa umeungwa na ubavu moja kwa moja, pasina kikwapa. Kitambaa kilikuwa kizuri, uzi ulikuwa madhubuti, na darizi ya shingoni, ingawa ilitiwa kwa mtambo, ilipendeza macho. Lakini kipande kile kisichozidi upana wa kiganja, ambacho mwenye kuvaa hakioni na mwenye kutazama hana habari nacho, hakikuwapo, na kwa kukosekana kwake uzuri wa vyote vingine haukunifaa kitu.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mkongwe wa Mkunazini, ambaye hushona barazani kwake kwa cherehani ya kukanyaga, na ambaye alimshonea marehemu baba yangu kanzu zake zote. Mzee yule hakusema neno la kuilaumu kanzu wala la kunilaumu mimi. Alitandika wari chache za bafta juu ya mkeka, akatwaa chaki, akanionyesha tangu mwanzo namna kanzu inavyostahili kukatwa, kama mwalimu anavyomrudisha mwanafunzi kwenye alifu.

Badani, ambayo ndiyo mwili wa kanzu mbele na nyuma, hukatwa wima kwa kufuata uzi wa kitambaa, wala haipindishwi. Ubavuni huungwa taharizi, nyembamba juu na pana chini, ili aliyevaa apate kupiga hatua, kurukuu na kukaa kitako bila ya nguo kumbana. Na kwa kuwa mstatili mmoja ukipasuliwa kwa mshazari hutoa taharizi mbili zilizo sawa, mkasi hauachi hata kitambaa cha kufutia taa. Mikono hutiwa sijafu mwishoni. Shingo hupasuliwa kwa mbele, nyuma ya mpasuo ikakaa lisani, na ndani hutiwa kaba, ili mahali panapovutwa kila siku kichwa kinapopita pasilegee. Kisha, pale hasa ambapo badani, taharizi na mkono hukutana, ndipo hutiwa kikwapa, mraba mdogo uliosimamishwa pembe juu na pembe chini, ambao mkono ukiteremka hujikunja ukatoweka, na mkono ukipanda hukunjuka ukaipa nguo nafasi. Siri yake imo katika mshazari, maana kitambaa kikivutwa kwa kufuata uzi wake hukataa, lakini kikivutwa kwa pembe hunyumbuka, na fundi aliyeweka pembe ya mraba mahali pa mvuto ameifanya kanzu imtii mwenye kuivaa. Nikatazama vidole vyake, subana imo katika kidole cha kati, vikipiga bandi pande nne za kile kipande kabla ya kukipeleka kwenye cherehani. Nilipomwuliza kwa nini asikishone moja kwa moja, akanijibu kuwa pembe nne zina maungio manne, na ungio lisiloshikizwa kwanza hukimbia.

Tabia hii ya kutopoteza kitambaa si ubahili, bali ni athari ya zama ambazo nguo ilikuwa mali adhimu, na huko bara ilipokelewa kama fedha yenyewe. Watu wa pwani hawakuwa watu wa kungoja nguo za wageni tu. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, na msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji ule hazikuwa na mfano na zilichukuliwa hadi Misri. Katika mavazi ya heshima aliyoletewa siku ya Ijumaa anataja futa ya hariri ya kufunga kiunoni, kilemba cha Misri, na joho la kitambaa cha Baitul-Mukaddas lililotiwa bitana. Neno hilo bitana ndilo linalonishughulisha, maana vazi lenye bitana si nguo ya kujitanda; ni vazi lililopita mkononi mwa fundi aliyekata mara mbili na kushona mara mbili. Naye Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasimulia kuwa Waislamu wa Sofala, kwa kuwa hawakuwa na elimu ya kutia nguo rangi, walinunua vitambaa vya Kambay ya Bara Hindi, wakavifumua uzi kwa uzi, wakaurudisha uzi ule wa rangi katika kitanda cha mfumi pamoja na pamba yao nyeupe. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara hunigusa, kwani haikuwa kazi ndogo kuibomoa nguo nzima ili kupata nguo nyingine iliyo ya kwao.

Ukaja wakati wa merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kuanzia mwaka 1837 Marekani ikawa na balozi wake mdogo Unguja. Merikebu za Salem, bandari ya huko Marekani, zikashusha majora ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita kwa jina la kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, viliikata biashara ile, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikashika nafasi. Merikani isiyo na rangi na kaniki iliyochovywa katika nili zilikuwa ndizo nguo za watumwa na za mafakiri, na kwa hiyo utumwa ulipoondolewa kwa amri Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliiweka kaniki kando, wakajipamba kwa kanga za rangi. Asiyejua habari hiyo ataona kanga ni kitambaa cha maua na maneno tu.

Cherehani haikuzaliwa kwa salama. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya mtambo wa kushonea mwaka 1830, na mwaka uliofuata mafundi wa Paris, wakihofia riziki zao, walivamia karakana yake wakaivunja mitambo. Elias Howe wa Marekani alipata hataza mwaka 1846 kwa mtambo ambao sindano yake ina tundu nchani badala ya kichwani, na chini yake una chombo kinachopitisha uzi wa pili, hata nyuzi mbili zikakutana na kufungana katikati ya kitambaa. Na Isaac Singer akafuata mwaka 1851 kwa mtambo ambao kampuni yake iliuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, jambo lililouingiza katika nyumba za watu wa kawaida. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na ghasia za Paris. Fundi aliiweka cherehani barazani, akaiachia mishono mirefu ya ubavuni, na mkononi mwake akabakisha bandi, pindo la kukunga na darizi ya hariri shingoni. Kwa rai yangu huo ulikuwa mgawanyo wa hekima, na ndio uliozipa kanzu za wazee wetu umri mrefu.

Majumbani cherehani iliwafaa wanawake kuliko ilivyowafaa wanaume. Mwanamke wa stara, ambaye haijuzu mwanamume wa kando amzungushie futi mwilini, alikuwa ama akipeleka kwa fundi nguo yake ya zamani iwe kipimo, ama akienda kwa mshonaji wa kike aliyempima ukumbini, wakazungumza juu ya kina cha shingo na wingi wa marinda mpaka chai ikapoa. Wajane wangapi wamesomesha watoto wao kwa gauni za harusi na sare za skuli zilizoshonwa usiku mbele ya taa! Mimi mwenyewe ni mtoto wa cherehani ya namna hiyo, na mlio wake ndio ulionilaza utotoni.

Leo baraza za mafundi zinapungua. Mitumba iko chini kwa bei, kanzu za kiwandani huja kwa makontena, na kijana aliyetoka skuli haoni kwa nini akae miaka akitunga uzi, akitia vifungo na kukunga mapindo kabla ya kukabidhiwa mkasi. Wala siwalaumu wanaonunua nguo tayari, kwani mwenye watoto sita na mshahara mmoja hana la kuchagua. Lakini sisi tulio na uwezo wa kuchagua, tumewaacha mafundi kwa uvivu, tukiwajia usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani na jora kwapani, tukitaka kanzu nne zipatikane kabla ya mwezi kuandama, kisha tukawaita wavunja ahadi.

Kanzu yangu nimeivaa tena, na vikwapa vyake viwili vya bafta, vyeupe kidogo kuliko kanzu yenyewe, vinainuka ninapoinuka. Mzee yule ana wanafunzi wawili sasa, na kazi ya kuwatosha hana. Basi, msomaji mwenzangu, kama una nia ya kuvaa nguo mpya Idi ijayo, mpelekee fundi wa mtaani kwako kitambaa kabla Shaabani haijamalizika, mkubaliane ujira wake kwa haki, na umwambie asisahau kikwapa.