Kukoroma Si Kulala Vizuri

Naendesha lori kati ya Mbeya na Iringa. Mke wangu ndiye aliyeniambia: unakoroma, unanyamaza ghafla, kisha unashtuka ukitweta. Usingizini misuli ya koo hulegea na inaweza kuziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 au zaidi kwa saa, huo ni ugonjwa. Kukaa kutwa huchangia unene unaobana koo, na maji yaliyotuama miguuni hupanda shingoni tukilala. Usingizi ukikatizwa hivyo usiku, kesho yake kabla ya kufika mji wa Makambako kope zinakuwa nzito.

Madereva wenzangu, tukifika Mafinga tushuke tutembee. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukisinzia kwenye usukani, egesha gari, kisha kamwone daktari. Ugonjwa huu unatibika.