WAIFAI YA NYUMBANI: UKUTA HAUZUII MAWIMBI



Siku hizi katika nyumba nyingi tunazopanga, Walukuba na Masese mjini Jinja, Namakwekwe na Namatala mjini Mbale, wapangaji huchanga fedha wakanunua ruta moja, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa kwa simu za nyumba nzima. Ni jambo jema, maana gharama ya kuchangia ni nafuu. Lakini kila chombo kina kanuni zake za usalama. Kiwandani hatukubali kuendesha mashine isiyo na kinga. Nyumbani pia tusikubali ruta isiyofungwa.

Waifai ni nini? Ni redio. Ruta hutuma mawimbi, simu huyapokea na kujibu. Mawimbi hayo hupita dirishani na katika ukuta wa matofali mpaka barabarani. Mtu akikaa kwenye kibaraza cha jirani yanamfikia. Kinachomzuia ni neno la siri tu.

Akiingia, hasara ni ya nani? Kwanza, anamaliza bando mlilolichangia kwa jasho lenu. Pili, akituma matusi au kutapeli watu kupitia ruta yenu, nyayo zinaelekea kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wenu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kuingia katika mitambo ya mtu bila ruhusa, lakini sheria haikai mlangoni usiku kucha. Kinga ni bora kuliko tiba.

Sasa tuangalie mambo ya kufanya.

1. Fahamu kwamba maneno ya siri ni mawili. La kwanza ni la kujiunga na waifai. La pili ni la kuitawala ruta yenyewe, na wengi hawalijui. Katika ruta nyingi neno hili la pili hutoka kiwandani likiwa "admin", na dunia nzima inalijua. Aliyekwisha kujiunga akilitumia, anaweza kuwafungia nje, au kuzielekeza simu zenu kwenye kurasa za uongo zinazofanana na za benki. Badilisheni yote mawili.

2. Msitumie namba ya simu kuwa neno la siri. Namba za Uganda zina tarakimu 10, na mbili za mwanzo, 07, kila mtu anazijua. Zinabaki 8, yaani namba milioni 100. Kwa binadamu ni nyingi, lakini kompyuta yenye nguvu, ikiisha kunasa mazungumzo ya simu na ruta, huzijaribu kwa muda mfupi. Afadhali maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wenyeji watayakumbuka.

3. Chagueni kufuli imara. Kufuli la zamani liitwalo WEP lilionyeshwa na wataalamu mwaka 2001 kwamba linavunjika. WPA2 lilikuja mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Katika mipangilio ya ruta chagueni mojawapo ya haya mawili.

4. Zimeni njia ya mkato iitwayo WPS. Namba yake ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilijulikana kwamba ruta huikagua nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

5. Mpangaji akihama, neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo, kama tunavyodai ufunguo wa chumba.

Kuhusu fedha za simu, ukipiga *165# au *185#, ombi lako halipiti kwenye waifai, linapita katika mtandao wa simu. Hata hivyo hakuna kufuli linalomlinda mtu anayempa namba yake ya siri yeyote anayempigia simu.

Sisi wanachama tuna sababu ya ziada. Orodha za wanachama wapya na madai tunayoyaandaa kabla ya kukutana na mwajiri, siku hizi vimo katika simu za makatibu wa matawi. Ndugu zetu wa mashambani wanaokaa katika nyumba za kampuni wajue hivi: mwenye ruta anaweza kuona ni simu ipi imejiunga, saa ngapi, na mara nyingi inatembelea tovuti zipi, hata kama hasomi maneno yenyewe. Kwa hiyo kama waifai ni ya mwajiri, itumieni kwa habari za mpira. Mambo ya chama yapitie bando lenu wenyewe.

Kila tawi lichague kijana mmoja anayejua mitambo hii, azunguke nyumba kwa nyumba kuwasaidia wenzake. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na haigharimu hata shilingi moja.

Umoja ni nguvu!