Saa Nane ya Kericho

Mtu wa Pwani akiingia Kericho hana budi kwanza kutafuta sweta. Mimi nilishuka kwenye matatu iliyotoka Nakuru nikiwa na kanzu na koti langu jepesi la kuendea sokoni, na ile mvua ya alasiri, ambayo huko huja kama mtu aliyeweka miadi, ikanipokea kabla dada yangu hajanipokea. Nchi ile iko juu sana, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari na pengine zaidi, na ukitazama kuanzia Kericho hadi upande wa Bomet ni majani ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia la msikitini. Sisi wa Pwani tunaikunywa chai kutwa kwa iliki na tangawizi, lakini ni wachache waliowahi kuuona mti wake.

Hata hivyo sikwendea chai. Niliitwa kwa ajili ya mtihani.

Dada yangu aliolewa huko yapata miaka thelathini iliyopita, na shemeji yangu ni fundi cherehani mjini. Binti yao wa mwisho alimaliza Kidato cha Nne, akasomea kozi fupi ya kutunza wagonjwa, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akiandika barua za kuomba kazi. Safari hii hospitali moja ilimjibu. Ilitaka wasaidizi 3 wa wauguzi, yaani watu wa kutandika vitanda, kuwaogesha na kuwalisha wasiojiweza, kupima joto la mwili na kuliandika. Walioitwa walikuwa zaidi ya 60. Kwanza wangefanya mtihani wa kuandika wa saa moja, na watakaopita ndio wangekaribishwa kwa mazungumzo. Mahali pengine alipoitwa mwaka uliotangulia, mpwa wangu alianguka papo hapo kwenye karatasi.

"Wewe ulikuwa karani bandarini umri wako wote," dada aliniambia katika simu. "Njoo umfundishe mtoto kuandika."

Nilimkuta amezungukwa na vitabu. Akaniamkia, "Shikamoo Mjomba," nami sijamaliza kuitika ameanza kunieleza kwamba mtu mzima ana mifupa 206, na kazi ya ini ni hii na hii. Nikastaajabu, nikamwambia dada kwamba mtoto huyu ameshafaulu, tulichobakiwa nacho ni kumnyoosha khati. Siku mbili nzima nikamwandikisha barua za Kiingereza cha makarani, zile zenye "bwana mheshimiwa" juu na "mtiifu wako" chini. Naona haya kidogo kulisema hili sasa.

Aliyetuzindua ni jirani, bibi mmoja wa Kikipsigis aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu. Watoto wote wa mtaa humwita Kogo, maana yake nyanya. Alikuja jioni na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa yenye masizi ya mkaa (nilikunywa kwa adabu, na bilauri ya pili nikaiomba mwenyewe), akavitazama vile vitabu, akacheka.

"Mifupa anaijua daktari," akasema. "Wewe watakuuliza mambo ya kitanda."

Akamwekea maswali yake mwenyewe. La kwanza lilikuwa hesabu: mgonjwa amekunywa vikombe 4 vya maji vya mililita 200 na bakuli 2 za uji za mililita 150, na mkojo uliopimwa ni mililita 650, tofauti ni ngapi? Mpwa wangu, mwenye mifupa yake 206, alihangaika dakika nzima kabla ya kupata 450. La pili: katika wodi moja kuna wanawake wawili waitwao Chepkoech, vitanda vinapakana, utajuaje chakula hiki ni cha nani? Msomaji ajue kwamba majina ya watu wa huko mengi hutoka katika wakati wa kuzaliwa. Chepkoech ni aliyezaliwa alfajiri, Cherotich ni yule wa saa ya ng'ombe kurudi zizini, na alfajiri zina wasichana wengi. Jibu la Kogo ni kwamba jina peke yake halitoshi. Muulize mgonjwa mwenyewe alitaje, kisha linganisha namba ya kadi yake.

La tatu lilitugusa zaidi. Ni Ramadhani, mgonjwa Muislamu anakataa kumeza dawa ya mchana kwa kuwa amefunga. Utafanya nini? Mpwa wangu alirukia kutoa fatwa: mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa baadaye. Kogo akatikisa kichwa. "Hayo huenda ni kweli, lakini wewe si shekhe wala si muuguzi. Usimlazimishe, usimfiche. Mwite muuguzi wa zamu, mwambie, kisha andika kwamba umemwambia, na saa ngapi."

Dada yangu naye alikuwa na lake moyoni. Hakupendezwa na binti yake kuogesha wanaume wasio wake. Nilimkumbusha Bibi Rufaida, ambaye wakati wa vita vya Khandaq aliwauguza majeruhi katika hema msikitini Madina kwa amri ya Mtume. Akanyamaza. Kogo akaongeza kwamba wodi za wanaume na za wanawake ni mbalimbali, pazia huvutwa, na mwili haufunuliwi ila ile sehemu inayooshwa. Nadhani ni lile pazia lililomtuliza dada kuliko hadithi yangu.

Basi tukafika kwenye saa. Kogo alimwambia aandike, kama angekuwa wodini, kwamba mgonjwa amepimwa joto saa nane mchana na limekuwa 38.4. Mpwa wangu akaandika vizuri mno, kwa khati niliyoisimamia mimi: joto 38.4, saa 8:00. Bibi akaichukua karatasi ile, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Hakucheka tena.

Alitueleza kwamba katika miaka yake ya mwanzo, hospitali nyingine kabisa, muuguzi alimpa mtoto dawa ya homa saa nane mchana akamwagiza msaidizi aandike. Msaidizi akaandika 8, kama anavyosema mdomoni. Saa kumi zamu ikabadilika. Aliyeingia akasoma 8, akaielewa ya Kizungu, asubuhi, akaona saa nane nzima zimepita, naye akampa mtoto kipimo kingine. Kwa kweli zilikuwa zimepita saa mbili tu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini Kogo alisema usiku ule hakuna aliyekaa chini.

Msaidizi yule alikuwa nani, hakusema, nasi hatukuuliza.

Nilijiona mimi mwenyewe katika karatasi ile. Mtihani ni wa Kiingereza, mgonjwa atalia kwa Kikipsigis, na mtoto wetu anahesabu jua linavyochomoza, kwa Kiswahili alichonyonya kwa mamake. Saa nane yetu ya mchana katika karatasi ya hospitali ni 14:00, na ya usiku ni 02:00. Kuanzia hapo kila kitu nyumbani kikawa na saa mbili. Chai ya alasiri ikawa ya 16:00, Isha ikawa ya karibu 20:00, na shemeji akalalamika kwamba hajui tena aseme nini kwa wateja.

Nami sikuwa najua kwamba maandishi ya watu wadogo wa Kericho yameshasafiri mbali. Hospitali ya mashamba ya chai iliweka kumbukumbu za wagonjwa wa malaria tangu mwaka 1965, na ugonjwa ulipoongezeka huko milimani katika miaka ya 1990, wataalamu waliyarejea madaftari hayo. Wengine walisema sababu ni vimelea kuizoea klorokwini. Wengine walisema nchi imeongezeka joto. Mwaka 2002 kundi moja liliandika katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa haikubadilika kiasi cha kutosha. Mwaka 2011 kundi jingine, akiwemo Judith Omumbo, likatumia vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, vya miaka thelathini hivi, na kuonyesha kwamba joto limepanda kiasi cha digrii 0.2 kila miaka kumi. Fikiri, msomaji: mabishano ya mabingwa wa dunia, na katikati yake kuna mtu aliyetoka asubuhi na baridi akasoma kipimajoto, akaandika alichokiona. Siku moja akiwa mvivu akaandika la kubuni, nani angejua?

Siku ya mtihani mvua haikungoja alasiri. Mpwa wangu alitoka na kalamu mbili na mwavuli wa babake. Aliporudi alisema kulikuwa na hesabu mbili, swali la kunawa mikono, majina ya wagonjwa ya kunakili bila kosa, yakiwemo Langat na Lang'at, na mwisho waliombwa waeleze kwa aya moja kosa waliloliona na namna lilivyorekebishwa. Mifupa haikuulizwa hata mmoja. Katika ile aya aliandika habari ya saa nane.

Alipita, akaitwa kwa mazungumzo, na majina yalipobandikwa alikuwa wa 4. Watu waliotakiwa ni 3. Alilia chumbani mpaka Magharibi, nami sikupata la kumwambia. Barua iliyofuata ilisema jina lake limewekwa hadi nafasi itakapotokea. Dada yangu aliisoma mara nne, akaitia ndani ya Msahafu.

Nilipofunga safari kurudi Mombasa, Kogo alikuwa tayari ameketi naye barazani, wakipimana mapigo ya moyo kwa saa ya ukutani. Nikauliza basi langu linaondoka saa ngapi. Mpwa wangu hakujibu kwa mdomo. Alichukua kipande cha karatasi akaandika 19:00, akafikiri kidogo, na chini yake akaongeza kwa herufi ndogo: saa moja jioni, Mjomba.