Gari la mbio lisilotembea: hatari iliyopo stoo ya mkusanya spea za turbo

Huenda unaye nyumbani. Kijana wako, mdogo wako, au mume wako mwenyewe. Uani kuna gari limewekwa juu ya matofali, halijatembea tangu mwaka juzi. Pembeni yake kuna injini juu ya tairi kuukuu, imefunikwa turubai. Ukiuliza utaambiwa ni 2JZ ya Toyota au EJ20 ya Subaru, na kwamba inakusanywa kidogo kidogo: bloku ilipatikana Gerezani, turbo ililetwa na rafiki kutoka Dubai, pistoni na konrodi za mbio bado zimo kwenye maboksi yake chini ya kitanda. Mwezi huu nozeli, mwezi ujao gasketi ya hedi. Pesa ya ada ikibaki, inajulikana itakakoenda.

Sina ugomvi na burudani hii. Wapo wanaoacha mshahara kwenye kubeti. Injini ya 2JZ yenye turbo mbili ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 280 kwenye makaratasi, na mafundi wanaoijua wameifikisha zaidi ya 1,000. Kazi hiyo inataka subira, hesabu na mikono mizuri, na nimeona vijana walioshindwa darasani wakaielewa fizikia kupitia turbo.

Ila wazazi wanapoogopa gari la mbio, huogopa barabara. Gari likiwa juu ya matofali wanapumua. Mimi nikikaa zahanati huona mambo kinyume. Gari lisilotembea ndilo linaloweka nyumbani, miezi na miaka, vitu ambavyo havikupaswa kulala nyumba moja na mtoto.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mtoto wa kiume wa miaka miwili, anakohoa na kupumua haraka, mdomo unanuka petroli. Baba yake alikuwa akiosha nozeli za injini. Petroli aliiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, akaiacha kwenye kibaraza akaenda kupokea simu. Mtoto alikunywa funda moja tu. Mama, kwa kumpenda, akampa maziwa kikombe kizima na kumtia kidole kooni ili atapike. Alitapika kweli. Kilichomlaza hospitali siku tano kilitokea hapo.

Elewa kwa nini. Petroli ikifika tumboni madhara yake mara nyingi si makubwa kama watu wanavyodhani. Ni nyepesi mno, na tone lake likipotea njia likaingia mapafuni husambaa haraka, likaunguza ngozi laini ya ndani na kuleta nimonia ndani ya saa chache. Kila anapotapika, petroli hupita tena karibu na mlango wa mapafu. Maziwa huongeza kutapika. Mafuta ya kula, limau na maji ya chumvi vivyo hivyo. Mtoto aliyekunywa petroli, dizeli, mafuta ya taa au tina usimtapishe na usimpe kitu cha kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkae wima, nendeni hospitali. Hata kama anacheka na kuomba pipi, nendeni, kwa sababu kifua kinaweza kubadilika baadaye na anahitaji kuangaliwa kwa saa sita hivi.

Wakubwa nao msicheke. Anayenyonya petroli kwa mpira kutoka tangi moja kwenda jingine anacheza mchezo uleule. Kuna pampu ndogo ya mkono kwa kazi hiyo.

Kimiminika kinachofanana na maji

Petroli angalau inanuka. Ninaloliogopa zaidi ni kopo ambalo wazazi wengi hawajui lipo.

Turbo hufanya kazi kwa kukandamiza hewa na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikikandamizwa hupata joto, na joto likizidi mafuta huwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inatoboka. Ndiyo maana wenye injini kubwa hupulizia mchanganyiko wa maji na methanoli kwenye njia ya hewa ili kuipoza. Wapo pia wanaoendesha injini nzima kwa methanoli. Kwa injini ni dawa nzuri.

Kwa binadamu ni sumu. Methanoli haina rangi, harufu yake ni kama ya pombe, na mtu akiinywa mwanzoni hulewa kidogo kama aliyekunywa pombe. Baadaye ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Takriban mililita 10 za methanoli halisi, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kumpofusha mtu mzima. Nchini Kenya mwaka 2014 makumi ya watu walikufa na wengine wakapoteza macho baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, kwa hiyo hatuzungumzii habari za mbali.

Ubaya wake ni kuchelewa. Aliyekunywa anaweza kulala vizuri, akaamka salama, na dalili zikaanza saa 12 hadi 24 baadaye: kichefuchefu, tumbo kuuma, kupumua kwa kasi, kuona ukungu au weupe mbele ya macho. Akiwa amechanganya na pombe ya kawaida, dalili huchelewa zaidi. Familia inadhani ni malaria au uchovu wa pombe. Ukifikisha mgonjwa mapema hospitali zipo dawa za kuzuia ini lisiigeuze methanoli, na inapobidi damu husafishwa kwa mashine. Ukifika amekwisha kupofuka, macho mara nyingi hayarudi. Nimewahi kusikia ushauri wa kumpa mgonjwa pombe kali nyumbani. Usifanye hivyo. Hospitalini wanaweza kutumia ethanoli kwa kipimo na uangalizi, na hiyo ni kazi yao.

Maji ya rejeta nayo ni ya kutazamwa. Yale ya kijani au ya waridi mengi huwa na kemikali iitwayo ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu. Mtoto hatayatema. Huharibu figo.

Moshi usioonekana

Siku injini inapowashwa mara ya kwanza huwa sikukuu. Marafiki wamekuja, simu zinarekodi. Wakati mwingine ni saa tatu usiku, geti limefungwa ili majirani wasilalamike, na injini inaachwa iungurume dakika 20 au 30 fundi akiiseti.

Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua. Magari ya kawaida yana katalisti kwenye ekzosi ya kupunguza gesi hiyo. Kwenye gari la turbo la mradi, katalisti mara nyingi ndiyo ya kwanza kutolewa, ili moshi utoke bila kizuizi. Juu yake fundi humimina mafuta kwa wingi ili injini isiungue. Katalisti hakuna na mafuta ni mengi: kinachotoka nyuma ni sumu kuliko moshi wa daladala mbovu unaoulalamikia kila asubuhi.

Kufungua mlango wa gereji hakutoshi. Gesi huingia madirishani, na chumba cha watoto kikiwa upande huo huingia huko. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Zinafanana sana na malaria, na nimeona watu wakipewa dawa za malaria kwa hali hiyo. Jiulize hivi: je, watu wawili au watatu wa nyumba moja wameumwa kichwa kwa wakati mmoja? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Ukiona hivyo zima injini, watoe wote nje penye hewa, na hospitalini sema wazi kwamba gari lilikuwa linawashwa. Usiposema, kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni asilimia 98 na mgonjwa akarudishwa nyumbani, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajisikia nafuu, maana mtoto tumboni huumia zaidi yake.

Injini ya mradi iwashwe nje kabisa, ekzosi ikiangalia mbali na nyumba. Majirani waombwe radhi mchana.

Mikono ya baba

Haya mengine huja polepole, na kwa sababu huja polepole watu hawayahusishi na gari.

Petroli ya kawaida katika nchi zetu haina tena madini ya risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia mwaka 2006. Lakini baadhi ya mafuta ya mbio, pamoja na petroli ya ndege ndogo ambayo baadhi ya vijana huitafuta kwa sababu haigongi kwenye turbo, bado yana risasi. Beringi nyingi za mbio za krankshafti pia zina tabaka la risasi, tofauti na beringi nyingi mpya za viwandani. Betri za zamani zilizorundikwa pembeni ni risasi na tindikali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua kwa uchungu betri kuukuu zinavyoweza kutia sumu mtaa mzima zinapoyeyushwa jirani na watu.

Fundi wa nyumbani hanywi risasi. Huibeba kwenye kucha, nywele na ovaroli, kisha anamnyanyua mtoto, anamlisha, anamlaza kwenye kochi alilokalia. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza, mara nne hadi tano ya mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Dalili ni za kawaida mno: tumbo kuuma, choo kigumu, upungufu wa damu, kuchelewa kuongea, kutotulia darasani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto akipimwa akakutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kama nyumbani kwako kuna kazi hii na mtoto ana dalili zisizoeleweka, mweleze daktari na uulize kipimo hicho kinafanyika wapi.

Oili chafu nayo ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeigusa miaka mingi. Bado wapo wanaoipaka kwenye mapunye ya mtoto, na mafundi wanaonawa mikono kwa petroli, jambo linaloondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifungulia sumu njia. Glavu ni bei ya soda mbili. Sabuni ya unga na majivu vinatosha kwa kilichobaki.

Gasketi kuukuu za injini za miaka ya 1990, hasa za upande wa ekzosi, zinaweza kuwa na asbesto. Usizikwangue zikiwa kavu wala kuzipuliza kwa kompresa. Zilowanishe kwanza.

Na injini kamili ya 2JZ ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Juu ya tairi, mtoto akiitumia kama farasi, sihitaji kueleza.

Sasa fanya hivi leo jioni. Mwombe mwenye gari akutembeze stoo, bila ugomvi, atafurahi kuonyesha. Kila chupa ya maji au soda yenye kitu kisichonyweka imwagwe kwenye kopo lake halisi lenye kifuniko cha kubana, liandikwe kwa maandishi makubwa, liwekwe juu na kufungiwa kwa kufuli. Chupa tupu zitobolewe zisitumike tena. Ovaroli na viatu vya kazi vibaki nje, vifuliwe peke yake. Anayetoka gereji anawe na abadili nguo kabla ya kumgusa mtoto. Piga picha za lebo zote kwa simu yako.

Siku ya dharura, beba picha hizo, au kopo lenyewe likiwa limefungwa. Mwambie muuguzi wa mapokezi ni kitu gani, kiasi gani na saa ngapi. Ukiona aibu ukasema "alikunywa kitu tu", tutapoteza muda tukikisia.